Muasi wa Chumba cha Pasi

Makamu Mkuu wa shule alilitandaza joho lake jeusi juu ya meza ya kupigia pasi, taratibu, kama mtu anayefunua maiti, kisha akaonyesha tundu kifuani.

Mama Pasi aliliinamia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amenyoosha mashati, mashuka na majoho ya shule hii ya bweni, na majeraha ya nguo aliyajua kama daktari ajuavyo upele. Pasi ikiunguza huacha alama yenye ncha, kama jani. Tundu hili lilikuwa la mviringo, dogo, na lilinuka tumbaku. Shule nzima ilijua Makamu hujificha wapi baada ya chakula cha mchana, isipokuwa Makamu mwenyewe, aliyeamini kwamba moshi wake ni siri ya serikali.

"Si pasi hii, Mwalimu."

"Basi ni malaika?"

Akampa mawili ya kuchagua: apige magoti mbele ya shule nzima aombe radhi, au arudishe funguo za chumba. Na kwa kuwa alijiona mtu mwenye huruma na ubunifu, akaongeza kwamba Jumamosi ni siku ya utenzi.

Kila mwaka shule ilighani utenzi mrefu wa dini, uliotungwa na mwalimu mmoja wa zamani, kuhusu malaika aliyekataa kumsujudia binadamu wa udongo. Nafasi ya Muasi haikuwa heshima. Ilikuwa adhabu. Alipewa mtukutu wa muhula, akasimama sakafuni chini ya jukwaa, akazitafuna beti zake mbio mbio huku ukumbi ukimzomea. Hivyo ndivyo uongozi ulivyohakikisha kwamba uovu haupendezi. Mwaka huu Muasi angekuwa Mama Pasi, ndani ya joho lile lile. Azomewe mpaka mwisho, apige magoti, yaishe.

Kitu kimoja Makamu hakukijua, maana chumbani mle aliingia kulalamika tu: ukuta wa chumba cha pasi ndio ukuta wa ukumbi. Mazoezi ya miaka kumi na tisa yalikuwa yamepenya pale. Mama Pasi alikuwa na utenzi wote kichwani, akiughani kimoyomoyo, mizani nne pasi ikienda, nne ikirudi. Beti za malaika watiifu zilimfaa kwa mashuka. Za Muasi alizitunza kwa ajili ya kola, penye kuhitaji nguvu.

Nyumbani mumewe, fundi viatu, alimshauri alipige tu hilo goti, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi.

"Ningekuwa nimeunguza, ningepiga yote mawili," alimjibu.

Jumamosi alasiri alisali kwanza, akamwomba Mungu amsamehe kabisa kwa maneno atakayoyasema kwa niaba ya mlaaniwa. Kisha akavaa joho. Alikuwa amelinyoosha mpaka likang'aa, hasa pale kifuani.

Aliposimama sakafuni, ukumbi ulimzomea kama desturi. Akasubiri, kama mtu asubirivyo pasi ishike moto. Halafu akaanza:

"Mimi nimeumbwa moto,
sitishwi kama kitoto,
nitupe kwenye fukuto,
goti sitampigia."

Maneno hayo yalikuwa kitabuni siku zote, ila hakuna aliyewahi kuyasikia. Baada ya ubeti wa pili walizomea wachache. Baada ya wa tatu alizomea mmoja, naye akaishia njiani. Kidato cha nne, watu wasionyamaza hata wakiwa na homa, walinyamaza. Katika kimya hicho mtu wa mbele akanong'ona kwamba tundu lile ni la sigara, na mnong'ono ukasafiri hadi benchi la nyuma, ukarudi na kicheko kilichobanwa puani. Mwalimu Mkuu akavaa miwani yake.

Makamu, ambaye kila mwaka alijipangia kuwa Sauti ya Mbinguni, alimfukuza Muasi kwa ngurumo iliyokuwa imepungua nguvu. Akafunga kitabu.

"Sasa piga magoti, Mama."

"Kitabuni hapigi, Mwalimu."

Na kweli. Beti mia tatu, na hakuna hata mmoja ambamo Muasi anapiga goti. Anaondoka wima.

Mwalimu Mkuu aliinuka, akaja, akaomba ruhusa, akapitisha kidole chake kidogo tunduni. Kikaingia bila taabu. Akakinusa. Kisha akamwambia Mama Pasi wataonana Jumatatu kazini kama kawaida, na bila kugeuka akasema, "Makamu, ofisini kwangu. Njoo na kiberiti chako."

Ukumbi ukasimama. Walimpigia makofi Ibilisi, ndani ya utenzi wa dini, mchana kweupe; hata mwalimu wa dini alipiga, akakumbuka, akaficha mikono mfukoni.

Mama Pasi alitoka kwa mlango mkubwa wa wageni. Hakufuata njia ya mawe. Alikata katikati ya bustani ya nyasi, ambako hata Mwalimu Mkuu huzunguka, na nyuma yake nyasi zililala pale alipokanyaga, kisha zikaanza kuinuka, moja moja, bila haraka.