Nguvu za Bibi Harusi

Mshona nguo wa jirani anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili. Anasema Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa anapanda mlima wa hospitali kupeleka sare za wauguzi, furushi kichwani, mwavuli mkononi, akasikia lori linanguruma nyuma yake. Akasogea pembeni alipishe. Akangoja. Alipochoka kungoja akaendelea na safari yake, akafika juu, akakabidhi sare, akapewa kiti na maji ya kunywa, na alipomaliza kunywa ndipo lori likatokeza pua kwenye kona ya mwisho. "Na kuku," anaongeza, "kuku alilipita!"

Hapo kwenye kuku ndipo watu wanapojua ametia chumvi. Lakini hayo mengine Kadogo hakuwa na ubavu wa kuyakanusha. Alikuwemo ndani ya lori hilo, amekaa ubavuni mwa baba yake, na mwavuli wa mshona nguo aliuona ukitokomea mbele yao.

Lori lenyewe ni la zamani kuliko Kadogo, na Kadogo, japo nyumbani wanamwita hivyo kwa kuwa ni binti kitinda mimba, ana miaka ishirini na miwili. Mtaani linaitwa Bibi Harusi. Zamani liliitwa hivyo kwa weupe wake na maua yaliyochorwa kwenye mbao za bodi. Siku hizi linaitwa hivyo kwa mwendo.

Kicheko cha watu Baba angekivumilia. Kilichomkosesha usingizi ni maneno ya msimamizi wa ujenzi kule juu hospitalini. Kwa wiki mbili Baba alikuwa akifika chini ya mlima anamwaga nusu ya kokoto, anapanda na nusu, anarudi kuchukua iliyobaki, na waashi wamekaa wanapiga soga.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu," msimamizi alimwambia. "Alhamisi nataka mzigo mzima, kwa mkupuo mmoja. Ukishindwa tusilaumiane. Nitaita lori jingine."

Kazi nyingine haikuwepo. Bibi Harusi angekosa ile, angeegeshwa nyuma ya nyumba, na lori la umri ule likishaegeshwa huwa haliamki tena.

Ndiyo maana Jumatano asubuhi walikuwa gereji, mara ya tano mwezi ule. Kila kitu kilikwisha kujaribiwa. Kadogo aliosha vyuma kwa mikono yake, akapuliza chujio la hewa mpaka mashavu yakamuuma. Chujio la dizeli lilibadilishwa. Nozeli zote sita za kupulizia dizeli zilitolewa, zikapimwa, zikarudishwa. Breki zilikaguliwa zisije zikawa zinashika zenyewe. Wapi!

"Mzee, injini ni nzima," fundi alisema, akijifuta mikono kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko mikono. "Nikiivuta hapa inalia kama ndege. Lakini unasema mlimani haitoi hata moshi. Dizeli isiyotoa moshi mlimani ina njaa. Tuiongezee chakula."

"Utaongezea wapi?"

"Hapa kwenye pampu. Unaiona hii skrubu yenye lakiri, huu muhuri wa kiwandani? Waliofunga hii lakiri walikuwa waoga. Naikata, nageuza robo tu, kesho utapanda kama jiwe lililotupwa kwa teo."

Kadogo aligeuza macho kwenye kona ya gereji. Pale lilikaa lori la rafiki wa Baba, halina magurudumu, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nalo liligeuzwa skrubu. Wiki tatu liliruka kama swala, ya nne pistoni zikayeyuka, kwa sababu dizeli ilizidi hewa na moto ukazidi chuma.

"Na lile, fundi?" aliuliza, akionyesha kwa kidevu.

"We Kadogo nawe! Lile niligeuza robo. Mwenyewe akarudi akataka nusu. Nikampa nusu, akataka nzima."

"Na Baba akitaka nusu?"

"Baba yako hana tamaa."

Baba aliikodolea macho ile skrubu. Kadogo alimjua baba yake. Akikodoa namna ile, keshaigeuza hiyo nusu moyoni.

"Kata," Baba alisema.

Fundi alichukua koleo, kisha akasita. Alitaka kuisikia injini mara ya mwisho jinsi ilivyo, ili baadaye apate cha kulinganisha. "Mzee, panda, washa. Nikipaza sauti, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mimi naenda nyuma kutazama moshi."

Baba alivua viatu, akaviweka chini, akapanda. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi Harusi: ndani hakuingii kiatu. Mama ndiye aliyemtandikia kabini, na kabini ile ilikuwa safi kuliko sebule za watu. Fundi, kwa miezi yote ya matengenezo, hakuwahi kutia mguu humo. Alisema hana haja, injini iko nje. Alipotaka kuijaribu aliinama chini ya boneti, akauvuta kwa vidole ule mkono mdogo wa chuma ulioko kwenye pampu, ambao dereva huuvuta kwa pedeli ya mafuta, na injini ikalia. Basi.

Kadogo alibaki peke yake mbele, amesimama juu ya bampa, mabega yamebeba boneti kwa kuwa fimbo yake ya kuishikilia ilivunjika zamani. Hakuwa na la kufanya ila kutazama, na kutazama anakujua.

"Haya, kanyaga!" fundi alipiga kelele huko nyuma.

Injini ikanguruma. Ule mkono wa pampu ukapanda kuelekea kwenye boliti fupi ambayo ndiyo mwisho wake. Ukasimama kabla haujafika. Kadogo akakaza macho. Kati ya mkono na boliti palikuwa na nafasi ya kuingia kiberiti. Na fundi alipokuwa akiuvuta kwa mkono, siku zote hizo, uligonga boliti, ta! Ule mlio leo haukuwepo.

"Baba, kanyaga!"

"Si nimekanyaga!"

"Mpaka mwisho?"

"Mwisho upi tena, mama? Unataka nitoboe chini nitembee kwa miguu?"

"Fundi! Hebu njoo kwanza. Weka hilo koleo chini."

Fundi alikuja akinung'unika, akainama, akatazama. Akamwambia Baba aachie, akanyage tena. Mkono ukapanda, ukaishia palepale. Fundi akauvuta mwenyewe. Ta! Injini ikapaa. Akaachia. Akazikagua fito zote kutoka pampu hadi ukuta wa kabini. Zilikuwa zimenyooka, hazina ulegevu wowote.

"Kuna kitu huko ndani," alisema taratibu.

"Basi ingia," Kadogo alisema. "Vua buti."

Fundi alimtazama kama aliyeambiwa avue shati msikitini. Kisha akakaa kwenye tairi kuukuu, akavua, na sababu ya kutopenda kuingia kabini ikaonekana: vidole vitatu vya mguu wa kulia vilikuwa nje ya soksi, vinapunga upepo.

"Ole wenu mcheke," alisema.

Alipiga magoti mlangoni, akabonyeza sakafu chini ya pedeli. Kiganja kikazama kama kwenye godoro.

"Mzee, hii ni nini?"

"Zulia. Chini pale panachemka, unyayo ulikuwa unaniungua. Mama watoto akanihurumia. Alipobadilisha zulia la sebuleni, lile la zamani akalikunja mara tatu, akashona kingo."

"Lini hiyo?"

"Miezi miwili sasa."

"Na lori lilianza kuchoka lini?"

Baba alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaishia cha pili. Akatazama miguu yake mitupu, kisha akamtazama Kadogo, na Kadogo akajiuma midomo.

"Nozeli sita," fundi alisema, akitelemka chini na soksi zake. "Nimetoa nozeli sita, nikarudisha nozeli sita. Na mzee wa watu anakanyaga zulia!" Akaanza kucheka, akashika mbavu, akakaa chini kabisa. Baba naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka kuku wakaruka kutoka kwenye lile lori la kona. Fundi alipofuta machozi, koleo lilikwisha kurudi mfukoni, na lakiri ya pampu ilikuwa palepale, nzima. Kadogo aliigusa kwa kidole, kuhakikisha.

Alhamisi walipakia kokoto mpaka zikavimba juu ya mbao. Chini ya mlima Baba hakusimama. Alipiga moyo konde, akashusha gia moja, akakanyaga, na safari hii pedeli ilikwenda, ikakwenda, ikagonga bati. Bibi Harusi aliguna, akanyanyua kichwa, akapanda. Moshi kidogo ulitoka nyuma, mwepesi, wa aliyeshiba. Kona ya kwanza. Ya pili. Ile ya tatu, walikokuwa wakipitwa na wenye miavuli, wakaipita wakiwa bado kwenye gia ileile. Kadogo alikuwa ameshika dasibodi kwa mikono miwili kana kwamba anasukuma. Walipotokea juu, waashi walisimama kwenye majukwaa yao wakapiga miluzi, na msimamizi akanyoosha mkono kuonyesha pa kumwaga, kana kwamba hakuwahi kuwa na shaka.

Baba alizima injini. Kokoto zilikwisha kumwagika zote. Alishusha pumzi ndefu, ya wiki mbili, akainua unyayo wake mwekundu akaupuliza, huku anacheka peke yake. Kisha kicheko kikapungua. Alitazama lile zulia, limeviringishwa vizuri kwenye mapaja ya Kadogo, mshono wa Mama kingoni, kila tundu limefuata jingine bila kukosea.

"Atauliza kwa nini limetoka," alisema.

"Atauliza."

"Alilishona siku mbili."

"Najua."

Baba alikuna kidevu. Akafuta usukani usio na vumbi. "Mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini ambayo Kadogo hakuwahi kumsikia akiitumia kwa msimamizi wala fundi, "mama yako wewe anakusikiliza. Mwambie wewe."

Kadogo alilisukuma zulia kwenye mapaja ya baba yake, akashusha kioo, akatazama waashi wanavyojaza matoroli.