Kikombe cha Bluu

Tulipozaliwa pacha, mama aliapa kwamba hatutagombana. Akawa ananunua kila kitu viwili viwili: vikombe, vitana, vijiko, hata rula. Kwa hiyo asubuhi ya kufundisha kipindi cha majaribio ili nipate kazi ya ualimu sikuhangaika kutafuta vifaa. Nilifungua kabati letu nikajaza mkoba, kama ninayemfungia mtu mwingine mizigo ya safari. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu tumzike ndugu yangu. Sikuwa nimelia. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu.

Darasa lilikuwa la watu wazima wanaojifunza Kiingereza. Mwalimu mkuu alikaa nyuma na kalamu yake. Nikifundisha vizuri, kazi ni yangu. Nikiboronga, waombaji wengine sita walikuwa wanasubiri kwenye benchi nje.

Utaratibu wangu ulikuwa huu: unatoa kitu mkobani, unakitaja kwa Kiingereza kikiwa kimoja, kisha vikiwa viwili, kisha unasema ni cha nani. Mwenyewe asipotajwa, hakirudi mkobani.

"Comb," alisema mwanafunzi wa kwanza, mama mmoja mshonaji. "Combs. The teacher's comb."

"Safi sana, mama."

Nikaandika teacher's ubaoni, nikaizungushia duara ile alama ndogo ya umiliki inayoning'inia kabla ya herufi ya mwisho. Wakainakili.

Mzee mmoja fundi bomba akatoa vikombe, cha kijani na cha bluu. "Cup. Cups." Kisha akatabasamu. "Mwalimu, mtu mmoja vikombe viwili! Hiyo kiu au uroho?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa mdomo tu.

"Cha kijani ni changu."

"Na cha bluu? Sheria ni msumeno, mwalimu. Mtaje mwenyewe."

Nikaandika ubaoni: my brother's cup.

"Ni cha pacha wangu," nikasema. "Amefariki."

Kicheko kikakatika. Fundi bomba akakishika kikombe kwa mikono miwili, kama kimejaa uji wa moto.

"Nisamehe, mwanangu. Domo langu hili!"

"Hujakosea, mzee. Umefuata sheria. Kirudishe."

Akakirudisha polepole. Tukaendelea: knife, knives, child, children. Nilisikia sauti yangu ikifundisha mpaka kengele ikalia.

Mwalimu mkuu akanipeleka chumba cha walimu. Ukutani kulikuwa na safu ya misumari, kila mmoja na kikombe chake.

"Uanze Jumatatu, saa mbili kasoro robo," alisema. "Msumari wako ule pale, wa mwisho. Tundika kikombe chako."

Nikaingiza mkono mkobani bila kuangalia, nikatundika nilichokishika.

Nyumbani mama alipopanga vyombo vya chai, akasita. "Cha bluu kiko wapi?"

"Kazini, mama. Nimepata."

"Basi kioshe kila siku. Mwenzio alikuwa hakioshi, mvivu yule."

Akanimiminia chai kwenye cha kijani. Nikanywa. Ikaniunguza ulimi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano nikasikia maumivu.