Kurasa za Mstari Mmoja

Mume wangu alipokuwa hai nilikuwa na mke mwenza, naye ni kompyuta. Mzee alikuwa mpima ardhi mstaafu, na akili yake yote aliihamishia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika na yeyote anaweza kumsahihisha mwenzake. Aliufungulia kila mwaka ukurasa wake, hata miaka ambayo hakuwa na la kusema. Ukifungua unakuta mstari mmoja: shule fulani ilifunguliwa. Basi. Mwaka mzima watu wamezaa, wamezikana, wamegombana, yeye kaona shule tu. Nilimcheka mpaka nikachoka.

Alipofariki ndipo nilipoanza kusoma. Siyo kurasa zenyewe, maana hazina kitu, bali historia zake: ile orodha inayoonyesha nani alibadilisha nini, na pembeni sentensi fupi ya kueleza sababu. Wenzake huandika "nimerekebisha tarehe". Yeye, kwa jina lake la humo, Mpimaji, aliandika kama anaongea na mtu sebuleni. "Nimeongeza mstari. Mama watoto ananuna, chakula kimepoa." "Naacha hapa, cherehani inanipigia kelele." Cherehani ni yangu. Kila asubuhi kabla sijakaa kushona nilisoma mbili tatu, nikamjibu kwa sauti, nikaendelea na kazi zangu. Nilijiona kama sijafiwa kabisa.

Kitinda mimba wangu, mfamasia, amerithi ugonjwa wa baba yake. Anapenda kila kitu kikae kwenye rafu yake. Wanakamusi walikubaliana kwamba zile kurasa ni kame mno, ziunganishwe miaka kumi kumi ziwe ukurasa mmoja wa muongo, naye akajitolea. Alinakili mistari, akaibandika kwenye ukurasa mpya, akaomba kurasa za zamani zifutwe. Zikafutwa. Akaja kunionyesha, meno yote nje.

"Ona mama, pamependeza!"

Nikamwambia anifungulie historia. Ilikuwa na jina moja tu, la binti yangu.

"Baba yako yuko wapi?"

Akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi. Kumbe ukinakili na kubandika unachukua maneno, mwandishi unamwacha kule kule, na kule kulishafutwa. Wala hakujua kwamba huwa nazisoma zile historia. Sikuwahi kumwambia mtu, niliona aibu. Hasira zikanipanda, nikamwambia neno ambalo halifai kumwambia mwanao, kwamba amemzika baba yake mara ya pili. Akalia. Na mimi nikalia.

Akampigia simu msimamizi wa kamusi, mwenye uwezo wa kufuta na kurudisha, akaiweka kwa sauti ili nisikie.

"Shikamoo mama. Nyinyi ni watu wa Mpimaji?"

"Marahaba. Mimi ndiye mkewe. Mmemfuta."

"Hajafutika, mama. Kwetu kufuta ni kufunika tu. Nitazifunua zile kurasa, historia zake niziunganishe na ya muongo. Tulipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo, tumeteleza."

"Una hakika?"

"Mama, hata nikitaka kumpoteza Mpimaji siwezi. Kila alipopita kalalamikia chakula baridi."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Baadaye tukafungua tena, na huyo hapo, mzima na manung'uniko yake yote. Nikamvuta binti yangu nikamwomba radhi.

Tukiwa bado tumeshikana, macho yangu yakaangukia ukurasa wenyewe. Kwa mara ya kwanza niliiona miaka yake ikiwa pamoja. Mwaka mmoja: basi la kwanza lavuka mto. Mwaka unaofuata: daraja la mto lafunguliwa.

"We mwanangu, hili basi liliogelea?"

Alisoma, akaangua kicheko. Kila mstari ulipokuwa peke yake kwenye ukurasa wake, nani angegundua? Kitabu ambacho baba yake alikitaja kama chanzo kiko kabatini. Akakitoa, akapekua: daraja ndilo lililotangulia. Mzee, na upimaji wake wote, alikuwa amebadilishanisha miaka.

"Rekebisha," nikasema.

"Rekebisha wewe, mama."

Akanifungulia akaunti, nikahamisha mistari kwa kidole kimoja, jasho linanitoka. Kwenye kisanduku cha sababu nikaandika: "Daraja kwanza, mume wangu. Basi baadaye." Nikabofya. Historia ikajaa upya: jina langu juu, la binti yetu linafuata, halafu lake, Mpimaji, Mpimaji, mpaka chini kabisa.

"Sasa atanijibu nini?" nikauliza.

Binti yangu akakifunga kile kitabu. "Hana la kujibu, mama."

"Basi leo nimemshinda," nikasema, na nikacheka mpaka nikashika meza.