Watu Thelathini na Mmoja

Watu wangu walikuwa thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kwenye dirisha la dawa. Nilikwenda mimi kwa niaba yao. Kila mwanzo wa mwezi nilitia kadi zao mkobani, nikaenda kliniki ya mradi, nikatoka na makopo ya vidonge, kisha nikazunguka mitaani nikigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana wakaniita Posta. Jina hilo sikulichukia. Mimi mwenyewe ninaishi na virusi, huu ni mwaka wa kumi na mbili, na vidonge vyangu navimeza mbele ya watu kama ninayetafuna karanga. Waliotaka kunisema walinisema mpaka wakachoka.

Lakini si kila mtu ana uso mkavu kama wangu. Kulikuwa na mwalimu aliyeogopa kukutana na wazazi wa wanafunzi wake. Kulikuwa na mwashi aliyesema bora ale kokoto kuliko kuonekana kwenye foleni ile. Hao wote niliwabeba. Kadi zao zilikaa kwangu, chini ya godoro, na makopo niliyabandua karatasi za jina kabla ya kuyapeleka.

Mradi ulikuwa wa wafadhili wa ng'ambo. Ukutani kliniki palikuwa na ubao uliogawanywa kwa miezi, na kila mwezi tuliandika idadi ya watoro. Mtoro, katika kazi yetu, ni mgonjwa aliyeacha kufuata dawa. Kwangu mimi ubao ulisema sifuri, sifuri, sifuri, mwaka baada ya mwaka. Wageni wakija na kofia zao za jua walisimamishwa mbele ya ubao ule, wakapiga makofi, na mama mmoja wa huko alinikumbatia mpaka miwani yake ikaanguka. Nilivimba kichwa, nakiri. Nyumbani nilitembea kama mke wa waziri.

Mfamasia ndiye pekee aliyewahi kuniuliza. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, asiyependa makuu.

"Posta, hawa watu wako nitawaona lini kwa macho yangu?"

"Wewe unataka kuwaona, au unataka wawe wazima?"

Akacheka, akanisukumia makopo. Laiti angekataa siku ile. Laiti mimi ningenyamaza nikayafikiri maneno yake. Lakini ubao ulitupendezesha sote, na mtu hajikuni pasipomuwasha.

Sasa nimfikie wifi yangu. Ni mke wa mdogo wangu wa kiume, fundi cherehani, mkono wake mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Aligundua kwamba ana virusi mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na kabla hajalia mbele ya mtu mwingine yeyote alikuja kulia kwangu. Mdogo wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani.

"Wifi, akijua ataniacha," aliniambia.

"Hatajua. Mimi nipo."

Nilisema hivyo kwa majivuno, kama mganga. Niliyopaswa kusema nilikuwa nayafahamu fika: keti, tumwite mumeo, nitakuwa pembeni yako. Mradi ulinifundisha hayo kwa siku tano katika ukumbi wa hoteli, nikapewa na cheti. Cheti hicho nimekitundika sebuleni. Ila kumbebea dawa kulikuwa rahisi kuliko kumkalisha na mumewe, na mumewe ni mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Niliogopa kumwona anaumia. Basi nikamwapia wifi kwamba siri ile itakufa na mimi.

Miaka minne mambo yakaenda. Halafu, Jumanne moja, ikaja barua ya mistari minne: serikali ya wafadhili imesitisha fedha, shughuli zote za mradi zisimame leo. Hata kesho haikuandikwa. Alasiri lilikuja gari, likachukua kompyuta, viti, feni, hata jagi la maji. Ubao waliuacha kwa sababu ulikuwa umepigiliwa misumari.

Nilitukana siku mbili. Niliwatukana kwa lugha yangu, na wangekuwapo wangeelewa tu. Mtu hakuombi ruhusa kukushika mkono, sawa, lakini hakuachii katikati ya mto. Nilisema hivyo kwa kila aliyenisikiliza, na mpaka leo naamini nilikuwa na haki.

Ila dawa zilikuwapo. Hilo ndilo linaloniuma. Zilihamishiwa hospitali kuu, kwenye dirisha la watu wote, na sharti lilikuwa moja: kila mgonjwa aje mwenyewe, apigwe picha, aweke alama ya kidole. Mimi hawakunitambua, na watu wangu hawakuwatambua. Thelathini na mmoja walikuwa na afya kwenye karatasi, lakini pale hospitalini hakuna aliyeijua sura ya hata mmoja wao.

Nikarudi mlango kwa mlango, safari hii mkono mtupu. Mwalimu alinilalamikia saa nzima, kisha akaenda. Mwashi alijifunga kitambaa usoni, akaenda. Wanne walihama nisijue walikoelekea. Wifi alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza baada ya kungoja sana, na vidonge vyake vilibaki vya wiki mbili.

"Nenda mara moja tu, wakuandikishe," nilimsihi. "Usipomeza, huyo mtoto utampa."

Mashine ya cherehani ilisimama.

"Dirisha lile linatazamana na maegesho ya malori. Madereva wenzake wote wananijua, mpaka nguo za wake zao nashona mimi. Nitapita nimevaa gunia?"

"Basi tumwambie mumeo."

"Wewe uliniapia."

Kweli nilimwapia. Nikaondoka. Nilirudi baada ya siku kumi, naye akanipokea kwa tabasamu pana.

"Nimekwenda, wifi. Wamenipa za miezi mitatu." Akanyanyua kopo lisilo na karatasi, akalitikisa, likalia.

Sikulifungua. Mimi, niliyevijua vidonge vile kwa rangi na kwa maandishi yake madogo, sikunyoosha mkono kufungua kifuniko. Nilisema alhamdulillahi, nikaomba maji ya kunywa, tukacheka habari za mteja wake aliyenenepa akadai nguo ndiyo iliyopungua. Mle ndani, nilikuja kujua, mlikuwa na vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito. Nilimfundisha kuficha miaka minne; kwa nini nilishangaa baadaye kwamba alifuzu?

Akaenda kujifungua kwa mama yake, mbali, ambako hakuna aliyemuuliza lolote. Mtoto wa kike. Mdogo wangu alinipigia simu akipiga kelele za furaha mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Alipofika miezi mitatu mtoto akaanza kukohoa, akagoma kunenepa, na hospitali kuu wakampima damu. Wakawaita baba na mama.

Nilifika nikamkuta mdogo wangu kwenye benchi la ukumbini, funguo za lori mkononi. Wifi alikuwa ndani na mtoto, nikamsikia analia. Majibu yalikuwa yamekwisha kutoka. Mtoto anavyo virusi. Yeye baba hana. Daktari alimweleza kwamba dawa alizomeza mkewe miaka yote ile ndizo zilizomkinga, naye hakujua kama alikuwa anakingwa.

Nikaketi kando yake. Hakuniangalia.

"Dada, ulijua tangu lini?"

Nikaanza kumweleza habari za wafadhili. Nikamweleza barua ya mistari minne, feni, viti, gari lililokuja alasiri, jinsi watu wakubwa huko ng'ambo walivyoamka siku moja wakatufungia bila hata kutuaga. Nilizungumza sana. Aliniacha nimalize, kwa adabu ileile aliyolelewa nayo.

"Sikukuuliza habari zao, dada. Nimekuuliza wewe."

"Miaka minne."

Akatikisa kichwa polepole, akazitazama funguo zake. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Mngeniambia tu," akasema. "Ningempeleka mimi dirishani."