Darasa Lililomkataa Aliya

Scovia alikuwa mwalimu wa chekechea mjini Migori, na mwanawe Wesley alikuwa amefika miaka mitatu na nusu bila kutamka neno. Kanisani mtu akimsalimia mtoto, Scovia alijibu haraka, "Ana usingizi huyu." Aliposikia kuna kliniki ya watoto wasiosema huko Homa Bay, alishukuru kwamba ni mbali. Huko hakuna aliyemjua.

Lakini alipoketi tu na Wesley kwenye benchi la kliniki, sauti ikamwita. "Mwalimu Scovia?"

Alikuwa Ruqia, mwenye duka la vitambaa mjini Migori, pamoja na binti yake Aliya. Mwaka uliopita Ruqia alimleta Aliya shuleni, na Scovia akawazuia mlangoni mbele ya wazazi wengine. "Mpeleke nyumbani kwanza. Akijua kusema, mlete." Siku ile tayari alijua kwamba mwanawe pia yuko kimya.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," Scovia alidanganya. "Nimemsindikiza tu."

Muuguzi akaita, "Mama Wesley!" Wesley akamkumbatia Scovia shingoni. Scovia akainuka naye bila kumtazama Ruqia.

Ruqia hakucheka. "Ingia, Mwalimu. Ukiulizwa anasema maneno mangapi, sema ukweli. Mimi nilidanganya mara ya kwanza, tukapoteza miezi minne."

Ndani, mtaalamu aliyeitwa Zilpah aliuliza swali hilohilo.

"Hakuna," Scovia akasema. "Hata moja." Machozi yakamtoka.

Zilpah alipiga ngoma ndogo nyuma ya Wesley. Mtoto hakugeuka. Vipimo vilionyesha maji yamejaa nyuma ya ngoma za masikio; kwa muda mrefu alikuwa akisikia kama mtu aliyezama. Alitibiwa, na kila wiki mbili Scovia akarudi naye kliniki kujifunza kuzungumza naye: amtazame usoni, aseme polepole, kisha angoje.

Katika mwezi wa tano wa matibabu, Wesley alinyoosha kidole kwenye mtungi, akasema, "Pi." Maji, kwa Dholuo. Scovia alimpa kikombe cha maji.

Kesho yake alimchukua mtoto hadi dukani kwa Ruqia.

"Mama Aliya, nilikukosea. Mlete Aliya darasani kwangu, hata Jumatatu."

Ruqia aliendelea kukunja kitambaa. "Yuko shule nyingine sasa. Wanampenda." Akakiweka kitambaa rafuni. "Siku ile alilia mpaka tukafika nyumbani. Hakuwa anasema, Mwalimu, lakini alielewa kila neno ulilosema."

Scovia alisimama pale, macho chini, mteja akimpita kuingia.

"Na huyu?" Ruqia akauliza hatimaye.

"Jana alisema neno moja."

Ruqia akamvutia Wesley kiti, akamketisha, kisha akageuka kumpimia mteja kitambaa chake.