Kuku wa Mama Mkwe

Kila mtu kwenye avenyu yetu alijua kwamba nilimnyima Simone unga. Mjini kwetu Likasi habari haingoji redio. Inaruka ukuta na harufu ya samaki wa chumvi.

Maduka yalipokwisha kuporwa, chachu ilipotea mjini. Mimi sikuikosa. Kila asubuhi, kabla ya kukaanga mikate ya kuuza, nilibakiza donge moja la unga uliochacha kwenye bakuli la bati, nalo ndilo lililoumua unga wa kesho. Kiwanda cha mji kilikuwa kimenyamaza, mshahara hakuna, na watu kumi na mmoja nyumbani kwangu walikula kwa donge lile.

Simone, jirani yangu, alikuja mara tatu. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta samaki kwenye ziwa Tshangalele, hajarudi.

“Yaya Bibiane,” akaniita kama dada yake mkubwa, “unikatie kidogo tu.”

“Ile yangu minye iko kidogo. Nikikata itakufa.”

Uongo. Niliogopa ataweka mbabula yake, jiko la makaa, karibu na yangu pale kona ninapouzia, aninyang'anye wateja mbele ya macho.

Jumapili sala ya mtaa ilikuwa kwangu, nyumba imejaa mpaka mlangoni, ninavyopenda. Papa Stanislas, katekista wetu, akasoma lile neno la Bwana juu ya punje ya ngano: isipokufa, inabaki peke yake. Akafunga kitabu.

“Nani hapa iko na kitu inabaki peke yake?”

Hakuna aliyemtazama. Wote walitazama jiko langu. Mathilde, jirani mwingine, akakohoa.

“Tuimbe,” nikasema.

Walicheka, tukaanza kuimba, lakini sikufika ubeti wa pili. Niliona kwamba miaka yote hiyo nimemwimbia Yesu nikiwa nimefumba ngumi. Nikaleta bakuli mbele ya watu. Mkono ulitaka kukata robo. Nikaulazimisha kukata nusu, nikampa Simone.

“Na kona, yaya?” Simone aliuliza polepole.

“Tutakaa wote. Minye peke yangu nitapiga habari na nani?”

Juni, baridi ikiwa kali, mama mkwe akatutembelea kutoka Mulungwishi, ameleta na kuku wake watano. Siku ya pili aliamka mapema, akaosha vyombo vyote kwa moyo mwema.

“Bibiane, kitu ilikuwa imeoza ndani ya bakuli. Nimepatia kuku.”

Nilikaa chini. Halafu nikachukua bakuli tupu, nikaenda kwa Simone na aibu yangu yote. Hakuniacha niseme. Habari ya kuku ilikuwa imekwisha kuruka ukuta.

“Weye unaomba nini? Ni ya kwako. Ilikuja tu kutembea.”

Akanikatia zaidi ya nusu. Ndipo nikasikia mengine: alimkatia Mathilde, Mathilde akamkatia Carine kule karibu na gare, stesheni ya treni, Carine akawakatia wamama wawili wa mtaa wa Kamatanda. Mimi nilidhani nimempa mtu mmoja, na kwa shida. Bwana alikuwa amelitembeza donge langu mji mzima, wala hakuniuliza. Kama ningelishika lote, lingeishia lote tumboni mwa kuku.

Nilimshukuru Mungu palepale, bakuli mkononi. Hata kwa kuku nilimshukuru, ingawa mmoja wao tulimla Jumapili.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alichungulia bakuli, akakunja pua.

“Mwanangu, ile kitu inanuka tena.”

“Ndiyo, mama. Subiri nikukatie, uende nayo Mulungwishi.”