Kofia ya Profesa Gunderson

Kila Alhamisi Profesa Gunderson aliingia darasani na kofia moja ya wawindaji, ya rangi ya chungwa kali, yenye masikio ya manyoya. Hakuivaa yeye. Aliitupa mezani, na mwanafunzi aliyefikiwa na zamu aliivaa akatetea jambo asiloliamini, tena kwa moyo wote, kana kwamba limetoka kifuani mwake. Akiivua, yameisha. Sharti lilikuwa moja tu: yanayosemwa ndani ya kofia hayatoki nje ya mlango. Katika chuo kile kidogo cha Iowa, ambako watu walikuwa wameanza kuogopana hata kwenye foleni ya kahawa, darasa lile lilikuwa mahali pekee pa kupumua.

Brigid Halloran alilipenda kuliko masomo yake yote. Ndiyo maana alichokifanya kilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Alhamisi hiyo zamu ilikuwa ya Marlee Stuckey, mwenzake wa chumba kimoja bwenini. Marlee alikuwa binti wa wafuga nguruwe kutoka Nebraska, mwenda kanisani, mcheshi, na msimamizi wa ghorofa yao. Usimamizi huo ndio uliompa chumba bure, na bila chumba cha bure asingeweza kusoma. Alipewa atetee kwamba wanafunzi waliopiga kambi uwanjani kuandamana walistahili kufukuzwa wote. Brigid alikuwa mmoja wao. Alilala hemani na mvua ikinyesha, na aliyemletea supu ya kuku kwenye chupa ya chai ni huyo huyo Marlee, huku akinung'unika kwamba kwao hata nguruwe wana paa.

Basi Marlee akavaa kofia, akamwaga maneno. Aliwaita waandamanaji watoto waliokosa kazi za nyumbani, wanaoigiza shida huku wakinunua mahema kwa kadi za baba zao. Darasa likavunjika mbavu, hata Profesa akafuta machozi. Brigid alicheka pia, lakini kicheko kilimwishia mdomoni, kwa sababu hema lake lilinunuliwa kwa kadi ya baba yake. Mkono ukaenda kwenye simu, akamrekodi Marlee akiendelea.

Baadaye alijiambia kwamba hakuwa amekusudia kitu, na huo ulikuwa uongo mtupu. Asiyekusudia kitu haondoi kofia. Yeye alijifungia chooni, akaipunguza picha ya video kwa kidole mpaka kofia ikabaki nje, ukasalia uso wa Marlee na maneno yake, kisha akawatumia marafiki wachache wa kambini. "Msikieni huyu," aliwaandikia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kufikia chakula cha jioni chuo kizima kilikuwa kimemsikia Marlee, na hakuna aliyeuliza yale maneno yalisemwa wapi na kwa nini. Waulize ya nini? Msichana wa shamba, wa kanisa, wa nguruwe: walikuwa wameshamjua kabla hajafungua mdomo. Wanafunzi wa ghorofa yake wakataka aondolewe, eti hawawezi kulala kwa amani. Upande wa pili nako mambo yalikuwa yale yale. Vijana wa chama cha wavaa tai, waliowapinga waandamanaji, walimkimbilia, wakamwomba awahutubie kama shujaa wao, na alipowaambia kwamba yale hayakuwa mawazo yake wakamwita mwoga. Wote hao walikuwa wakiimba uhuru wa kusema asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kumsikia Marlee akisema.

Profesa alikwenda ofisi ya utawala wa chuo kueleza habari ya kofia. Wakamwambia kofia haionekani kwenye picha, na kwamba yeye naye wanamchunguza. Wanafunzi wa darasa lake walifyata mkia, kila mmoja akiogopa kuwa ndiye atakayefuata. Marlee akaambiwa afike kwenye kikao cha nidhamu Ijumaa ya wiki iliyofuata, na ajiandae kurudisha funguo.

Siku hizo zote Brigid alikuwa akiuma na kupuliza. Alikula na Marlee kwenye meza waliyoikwepa wengine, akambebea sinia, akamfulia hata nguo.

"Wewe huogopi kuonekana na mimi?" Marlee alimuuliza siku moja, akichokoachokoa viazi vyake.

"Niogope nini? Wewe si dada yangu?"

Marlee alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye viazi. Brigid alijichukia, na alizidi kujichukia kila mtu alipomsifu kwa uaminifu wake.

Alhamisi ikarudi, kesho yake ndiyo kikao. Kofia ilitupwa mezani, na hakuna aliyeigusa. Profesa alingoja, akapangusa miwani, akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda imefika wakati wa kuipumzisha. Alikuwa ameshafungua mkoba aitie, Brigid alipoinuka akaichukua, akaivaa.

"Natetea kwamba mimi ndiye niliyemrekodi Marlee," alisema.

Akasema yote: choo, kidole, kofia iliyokatwa, kadi ya baba. Machozi yakamtoka. Alipomaliza, darasa likapiga makofi.

"Dada, umetuua kwa kuigiza," alisema kijana mmoja wa nyuma. "Kumbe hivyo ndivyo ilivyo rahisi kumsingizia mtu."

Ndipo Brigid alipojitambua. Alikuwa ameitafuta kofia ile ili aseme bila kuwa amesema. Na kibaya zaidi, makofi yalipolia, alisikia nafuu.

Marlee hakupiga makofi.

"Vua kofia," alisema. "Halafu useme tena."

Brigid aliivua, akaiweka mezani.

"Ni mimi, Marlee. Nilikurekodi mimi."

Makofi hayakuwapo tena. Profesa alikaa kitini taratibu.

"Nilijua tangu siku ile ile," Marlee alisema. "Anayekaa dirishani ni wewe peke yako, na picha ilipigwa kutoka dirishani. Nilikuwa nakungoja tu useme. Nikala na wewe, nikakuacha unifulie nguo, nikisema labda leo, labda kesho."

"Kesho kikaoni nitawaambia. Kila kitu. Naapa."

"Utawaambia, ndiyo."

"Nisamehe, Marlee. Tafadhali."

Marlee alinyoosha mkono mezani, akaichukua kofia ya chungwa. Akaivaa, akayashusha masikio yake vizuri, na akamtazama Brigid machoni.

"Nimekusamehe," alisema.